Siku Nane Bila Kumshika Mtoto

Pale Malaba, kwenye uwanja ambapo malori husubiri zamu ya kuvuka kwenda Uganda, jina la Okiria lilikufa zamani. Watu walimwita Taarifa. Kazi yake ilikuwa kushughulikia makaratasi ya mizigo, kukimbia na faili kutoka dirisha moja hadi jingine, kuwabembeleza maofisa na kuwatuliza madereva. Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa habari. Alikuwa na kiredio kidogo cha betri, na kuanzia saa kumi na moja alfajiri, chini ya zile taa kali za uwanjani, ungemkuta amekunja mkono wa kushoto, kiredio kimeganda sikioni, macho yametazama mbali kama mtu anayepokea simu kutoka ikulu.

Etyang, mwenye kibanda cha chai karibu na geti, alikuwa na salamu moja tu kwake kila asubuhi.

"Taarifa, dunia imeamkaje?"

Hapo Okiria angesimama, akohoe kidogo, kisha awasimulie madereva wenye vikombe mkononi mafuta yamepanda kiasi gani, waziri gani ameng'olewa, na barabara ipi ya Kongo imefungwa. Aliyempinga aliliona joto la jiwe. Sisemi kwamba alikuwa mwongo, la. Kasoro yake ilikuwa hii: alidhani mtu akishaijua habari, basi ameshaimaliza.

Jumatatu moja ya mwezi wa Novemba, mvua ikipiga mabati bila huruma, mkewe Zilpa alijifungua mtoto wa kike. Zilpa ni mtu wa Budalang'i, fundi wa nguo, mwenye maneno machache na macho yanayoona mengi. Mtoto alikuwa na kilo tatu na robo. Okiria aliusoma uzito huo kwenye kadi, akausoma tena, kisha muuguzi akampakatisha kile kifurushi chenye joto, na mtu mzima yule akalia machozi mbele ya watu. Hakuona haya.

Tangu siku hiyo habari zikabadilika. Zamani zilikuwa mambo ya watu wengine, vitu vya kuchangamsha chai. Sasa kila habari ilikuwa na binti yake ndani. Redio ikisema chanjo zimepungua, aliuona ule mguu mdogo ukisubiri sindano. Redio ikisema walimu wanatishia kugoma, alianza kuhesabu miaka mpaka mtoto aingie darasa la kwanza, akajikuta anawakasirikia watu ambao huenda watakuwa wamestaafu kufikia wakati huo. Zilpa alimsikia akinung'unika peke yake juu ya unga wa ugali wa mwaka wa mbele, akacheka mpaka mshono wa uzazi ukamuuma.

"Baba Mtoto," alimwambia, "huyu bado ananyonya. Wacha kwanza amalize maziwa yangu."

Hizo zilikuwa siku nne nzuri. Siku ya tano, Ijumaa, Okiria alivua shati ili aoge na akaona malengelenge.

Yalikuwa kwenye kiwiko cha kushoto, upande wa ndani, pale mkono unapokunjika. Mekundu, yanawaka, mengine yameanza kujaa maji. Aliyatambua papo hapo. Maana Jumanne ya wiki hiyo dereva mmoja aliyetoka ng'ambo alikuwa ameazima kalamu yake ili atie sahihi makaratasi, na jioni yake dereva huyohuyo alichukuliwa na watu wa afya waliovaa mavazi meupe toka kichwani hadi miguuni, kwa kuwa alikuwa na homa na upele. Ugonjwa wa mpox, ule ambao wengine waliuita homa ya nyani, ulikuwa umeshatajwa mipakani. Na nani aliyewaelimisha madereva kuuhusu kama si Taarifa mwenyewe? Yeye ndiye aliyesimama pale kibandani akasema dalili zake ni malengelenge, kwamba unaenea kwa kugusana, na kwamba watoto wachanga wako hatarini kuliko watu wazima. Yeye ndiye aliyepiga meza na kusema, "Mwenye kuuficha huo ugonjwa ni muuaji, sina neno lingine!"

Sasa malengelenge yalikuwa kwake, naye akalivaa shati lake tena.

Usimhukumu upesi. Kichwani mwake alishaliona gari la wagonjwa likisimama mlangoni, majirani wamefunga madirisha, mwenye nyumba amesimama na kufuli, Zilpa na mtoto wamewekwa kwenye chumba cha watu wasiojulikana. Alisema moyoni kwamba ataisubiri ile siku ya ishirini na moja ambayo redio iliitaja kuwa mwisho wa hatari, na katika siku hizo hatamgusa mtoto hata kwa ukucha. Huo ndio uliokuwa mpango wake wote. Mkewe hakuambiwa.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili. Okiria akahamia kwenye kochi la sebuleni, akasema mgongo unamsumbua. Akajitengea kikombe, sahani na kijiko. Akavaa shati la mikono mirefu hata wakati wa joto. Siku ya Jumapili Zilpa alimwomba ampelekee nepi iliyokuwa imeanikwa, naye akaileta kwa ncha za vidole viwili, akaiweka kitandani, kisha akatoka akaosha mikono kwa sabuni na dawa ya kuulia vijidudu mpaka viganja vikanuka kama hospitali. Zilpa alimtazama kupitia mlango uliokuwa wazi.

Jaribu kukaa mahali pa huyo mwanamke. Mtu aliyelia kwa furaha juzi, leo anaosha mikono kwa sababu amegusa nepi ya mwanawe. Mtoto akilia anasimama mlangoni, anauliza, "Ana nini?" na haingii. Na mtoto mwenyewe, kwa bahati mbaya, alikuwa mweupe kuliko wote wawili, kama watoto wengi wanavyokuwa wiki za kwanza, na jirani mmoja alikuwa ameshalitaja jambo hilo kwa kicheko. Zilpa hakuhitaji kusaidiwa kujumlisha.

Jumatano akafika Amoit, mama yake Okiria, kutoka Chakol, na kuku wawili na mfuko wa wimbi. Alikuja kumpa mjukuu jina. Kwa Wateso, bibi huchovya kidole, akakitia mdomoni mwa mtoto huku akitaja jina la mmoja wa waliotangulia. Mtoto akinyonya, jina limekubaliwa. Asiponyonya, linatafutwa jingine. Zamani walichovya kwenye ajono, ile pombe ya wimbi, lakini Amoit ni mzee wa kanisa na alikuwa ameamua uji unatosha. Kila ukoo una mambo yake hapo, na katika ukoo wa akina Okiria jambo lilikuwa hili: anayemshika mtoto wakati huo ni baba. Anamshika mikononi, hadharani, mbele ya shangazi na wajomba. Baba akikataa kumshika, hakuna anayeuliza maswali. Watu huinuka na kwenda zao, kwa kuwa ameshasema mtoto si wake.

"Jumamosi saa sita," Amoit alisema, akimtazama mwanawe aliyesimama mbali kama mgeni aliyekuja kudai kodi. "Nimeita watu. Na wewe mbona umesimama huko? Unaogopa nini hapa?"

"Mgongo, Mama."

"Mgongo unashika mtoto?"

Mpango wa Okiria wa siku ishirini na moja haukuwa na Jumamosi ndani yake. Akimshika mtoto atamwambukiza, na pengine kumzika. Asipomshika, atakuwa amemwaibisha Zilpa mbele ya ukoo mzima, aibu ambayo haifutiki hata kwa kuku mia. Alikwenda kazini kesho yake akakosea faili tatu. Etyang alipomuuliza dunia imeamkaje, alijibu, "Sijui," na madereva wakatazamana.

Ijumaa jioni Zilpa alimfuata sebuleni. Mtoto alikuwa na bibi chumbani. Alisimama mbele yake, mikono imefungwa kifuani.

"Nataka nikuulize na unijibu kama mwanaume. Huyu mtoto unamkataa?"

"Hapana! Zilpa, nani amesema?"

"Mikono yako imesema. Nimekuona ukijiosha. Hata mbwa akikulamba huoshi hivyo." Akageuka kuutazama mlango wa chumbani. "Kesho watu wanakuja. Usipomshika, mimi nachukua mtoto wangu narudi kwetu Budalang'i. Sitangoja uniambie."

Hapa ndipo mtu mwenye akili angepandisha mkono wa shati. Okiria alifungua kinywa, na unajua kilichotoka?

"Budalang'i hakuendeki. Mto Nzoia umevunja kingo jana, redio imesema. Watu wamehamia shuleni."

Zilpa akarudi chumbani na kuufunga mlango polepole, na ule upole ulimuumiza Okiria kuliko kama angeubamiza. Dakika chache baadaye alisikia zipu ya begi.

Asubuhi ya Jumamosi hakukuwa na kiredio sikioni. Okiria alitoka mapema akimwambia mamaye kwamba anarudi sasa hivi, akamkamata mwenye pikipiki na kumwambia, "Busia." Malaba hakuthubutu kwenda kwa daktari kwa kuwa kila muuguzi alimjua. Busia ni mwendo wa karibu saa moja ukiwa na dereva asiyeogopa kufa, na huyu hakuogopa. Walipita kando ya foleni ya malori, maji ya barabarani yakiwarukia mpaka magotini, na njia nzima Okiria alikuwa akipanga maneno. Akikutwa nao, atapiga simu nyumbani, aseme ukweli, mtoto apelekwe mbali naye, kisha wamfanye watakavyo. Alikuwa amechelewa siku nane kusema hivyo, na alijua.

Kwenye zahanati ndogo nyuma ya soko la Busia alimkuta muuguzi mmoja, Brendah, dada wa makamo mwenye miwani iliyoteremka puani. Okiria hakukaa kwenye kiti. Alisimama mbali na meza, akanyoosha kiganja kumzuia asisogee.

"Daktari, usinikaribie. Nafikiri nina mpox. Nina mtoto wa siku kumi na mbili."

Brendah hakukimbia. Alivaa glavu, akavaa barakoa, akasogea. "Pandisha shati, boss."

Okiria akapandisha. Muuguzi akatazama, akainamisha kichwa, akatazama tena. Akamshika shingoni na kwapani kutafuta tezi. Akampima joto. Akamuuliza kama ameumwa na kichwa, kama amehisi baridi, kama kuna malengelenge mengine usoni au kwenye viganja. Majibu yote yalikuwa hapana.

"Sasa kunja mkono. Hivyo. Unaona?"

Okiria hakuona kitu.

"Alama ya juu inalala juu ya alama ya chini. Zinafanana kama nimepiga muhuri, nikakunja karatasi wino haujakauka. Mpox haijui kupiga muhuri. Wewe unafanya kazi wapi?"

"Malaba. Uwanja wa malori."

"Chini ya zile taa?"

"Ndiyo."

"Na unakunjanga huu mkono muda mrefu? Unabeba nini?"

Polepole mkono wa kushoto wa Okiria ukapanda wenyewe, ukakunjika, kiganja kikasimama sikioni, kama unavyosimama kila alfajiri. Brendah alianza kucheka, akajizuia, akashindwa.

"Redio? Boss, hiyo ni Nairobi flai! Kale kadudu kembamba, kekundu na keusi, kanakopenda taa wakati wa mvua. Hakaumi. Lakini kakiingia hapo kwenye mkunjo na wewe uko bize na habari, unakaponda, maji yake yanakuunguza. Wiki hii wewe ni wa tisa. Wanane wote walitoka huko kwenu."

"Haiambukizi?"

"Haiambukizi."

"Mtoto?"

"Nimekuambia haiambukizi. Safisha kwa sabuni, paka hii, funga na bandeji. Homa ikija, rudi. Mtoto unaweza kumshika leo, kesho na mpaka akukatae mwenyewe."

Okiria aliketi. Alishusha pumzi ndefu, pumzi ya siku nane, akaufunika uso kwa mkono wake mzima, na mabega yakaanza kutikisika. Brendah akajifanya anatafuta bandeji kabatini, akaitafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakuna dawa duniani, nakuapia, inayomlegeza mtu kama kuambiwa kwamba hatamdhuru mwanawe.

"Ulikaa na hii siku ngapi?" alimuuliza baadaye.

"Nane."

"Na mama wa mtoto anasemaje?"

"Sijamwambia."

Kicheko kilitoweka usoni mwa Brendah. "Aa. Basi huo ukimya ndio uliokuwa ukiambukiza," alisema, akamfunga bandeji.

Saa sita ilikuwa imepita alipoingia uani kwake, ametapakaa tope kama mtu aliyetoka kuchimba mtaro. Watu walikuwa wamejaa, shangazi kwenye mkeka, wajomba kwenye viti vya plastiki, Amoit katikati na kikombe cha uji wa wimbi mapajani. Mlangoni alisimama Zilpa, mtoto mgongoni, begi mkononi. Etyang, aliyekuwa amealikwa lakini hangeweza kuacha kibanda chake, alikuwa akipiga simu mara kwa mara, na simu ikatetemeka mfukoni mwa Okiria bila kujibiwa.

Okiria alisimama katikati ya ua. Akakohoa. Wale waliomjua wakadhani anaanza taarifa ya habari, na kweli alikuwa anaanza.

"Mimi sijamkataa huyu mtoto," alisema. "Nilidhani nina mpox. Nilitokwa na malengelenge, nikaogopa nitamuua. Nikanyamaza. Nimetoka Busia sasa hivi, wamenipima, sina ugonjwa wowote." Akapandisha mkono wa shati, wote wakaiona bandeji. "Ni Nairobi flai. Iliingia hapa nikiwa nashikilia redio."

Mjomba mmoja akaguna, halafu shangazi akaziba mdomo kwa leso, halafu ua mzima ukalipuka. Amoit peke yake hakucheka.

"Wewe Okiria! Hivi vidudu nimeviua sita hapa kwako tangu Jumatano, hapo ukutani! Si ungenionyesha huo mkono? Mimi nimelima miaka arobaini, Nairobi flai nitakosa kuijua? Unajua habari ya Kongo na hujui iliyo kwenye kiwiko chako!"

Okiria aliyapokea yote, na angeyapokea hata mara kumi. Macho yake yalikuwa kwa Zilpa. Zilpa hakuwa amecheka. Machozi yalikuwa yakimteremka, lakini uso wake ulikuwa mkali.

"Siku nane," alisema. "Siku nane nimekaa humo ndani nikimtazama mtoto, nikijiuliza nimekosa nini. Ulimwambia daktari wa Busia kabla yangu."

"Nisamehe, Zilpa."

"Nitafikiria." Aliliweka begi chini, akaifungua leso aliyombebea mtoto, akamleta mbele, akamnyooshea Okiria. "Kwanza shika."

Akashika. Kilo tatu na robo zilikuwa zimeongezeka, aliuhisi uzito huo mpya mikononi na ukamuuma kwamba hakuwepo ulipokuwa ukija. Mtoto alikunja uso, akanusa shati lenye tope na dawa, akapiga chafya. Amoit akainuka na uji wake. Alichovya kidole, akakitia mdomoni mwa mjukuu, akataja jina la dada yake aliyefariki. Mtoto akakitema. Watu wakacheka kidogo. Akachovya tena, akataja jina la mama wa babu. Mtoto akageuza kichwa upande wa pili, na Okiria akahisi jasho likimtoka, kana kwamba ndiye anayekataliwa yeye.

Mara ya tatu Amoit alitaja jina la mama mkwe wake, aliyekuwa maarufu Chakol nzima kwa ukali wake kwa wanaume. "Aguti."

Mdomo mdogo ukakishika kidole. Ukatulia. Kisha ukaanza kuvuta, kwa nguvu, mashavu yakiingia ndani na kutoka, na vigelegele vikapanda mpaka kule kwenye malori. Zilpa alikuwa amesogea bila mtu kumwona. Aliegemeza paji lake la uso kwenye bega la Okiria, upande ule wenye bandeji, na hakuliondoa.

Simu ikatetemeka tena. Shangazi mmoja akaichomoa mfukoni mwa Okiria na kumwekea sikioni, maana mikono yake ilikuwa na kazi.

"Taarifa!" Etyang alipaza sauti juu ya mngurumo wa injini. "Umepotelea wapi? Yule dereva wa upele amerudi, walimpima wakakuta hana kitu. Ana kalamu yako hapa, anasema ni ya mtu mwema. Sasa nimeshindwa na hawa watu, wamekaa na chai wanakungoja. Hebu sema, dunia imeamkaje?"

Okiria alimtazama binti yake, aliyekuwa bado anakinyonya kidole cha bibi na hana habari na mtu.

"Amenyonya," alisema.